Herufi Tatu Kwenye Chuma

Mkoani kwetu Kagera, chuma kisichojulikana jina hupewa jina la vita. Ukikuta bomba limelala nyuma ya nyumba, utaambiwa ni la mzinga. Ukikuta bati nene limezibia tundu la banda la kuku, utaambiwa lilibanduliwa kwenye deraya ya Amin. Siwalaumu wanaosema hivyo. Vita vya mwaka 1978 na 1979 vilipita kwetu kweli, daraja la Kyaka lilivunjwa kweli, na watu walikimbia kweli na magodoro kichwani. Lakini, ndugu msomaji, si kila chuma kilikuja na vita. Vingine vilikuja na kazi, na bahati mbaya kazi haina wasimuliaji wengi kama vita.

Chuma ninachotaka kukizungumzia ni spana. Ilikuwa nyumbani kwa babu mzaa mama, Kamachumu, wilayani Muleba, tangu mama yangu akiwa mtoto. Ukiishika unajua mara moja kuwa si spana ya kawaida. Urefu wake ni shibiri moja na vidole vitatu. Upande mmoja una ringi nene fupi yenye pembe kumi na mbili kwa ndani. Mpini haukunyooka, umepinda kama mundu wa kukatia majani. Na mwisho wa mpini, pale ambapo spana nyingine zina mdomo wa pili, hii ina tundu la mraba lililotoboka mpaka upande wa pili. Hakuna nati ya mraba ya namna ile kwenye baiskeli, wala pikipiki, wala kwenye gari lolote ambalo mjomba wangu amewahi kulifungua.

Basi, kwa kuwa haikuwa na kazi yake, ilipewa kazi za watu wengine. Ilizuia mlango wa jiko usipigwe na upepo. Iligongea vigingi vya mbuzi. Msimu wa kahawa ililala juu ya turubai ili lisipeperuke. Sisi wajukuu tuliipachika kidole kwenye ringi tukaizungusha, mpaka bibi apige kelele kwamba tutajivunja vidole. Babu akitukuta alikuwa anasema neno moja tu: "Hiyo ni ya ndege." Kisha anapita zake kwenye migomba.

Babu alifariki mwaka 2021. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulipoketi kugawa vilivyobaki, spana ile ikaletwa mbele pamoja na panga, redio na baiskeli. Hapo mzee mmoja wa ukoo akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Alisema kitu kile kisiingizwe kwenye urithi, kwa sababu kinajulikana kilikotoka. "Vitu vya watu waliokimbia," alisema, "havikai nyumbani kwa watu vikaleta heri."

Watu wakanyamaza. Bibi alikuwa ameketi kwenye majani, kanga imefunika nusu ya uso. Hakujibu. Mimi nilikuwa karibu na mlango, na kwa desturi yetu mtoto wa binti hana neno katika kikao cha ukoo wa mjomba wake. Lakini nilimwona bibi akiivuta ile spana polepole na kuiweka chini ya kanga yake, kama mtu anayeficha mtoto.

Ili uelewe uzito wa neno lile, ni lazima nikukumbushe yaliyotokea. Tarehe 18 Oktoba 1978 ndege za kivita za Uganda aina ya MiG zilipiga mabomu mjini Bukoba. Madhara ya mabomu yenyewe hayakuwa makubwa, lakini mshindo ulivunja vioo na watu wakaingiwa na hofu. Mwisho wa mwezi ule majeshi ya Amin yakaingia na kuikalia nchi yote hadi mto Kagera. Watu wakashuka kusini, wengine kwa miguu, na Muleba ikapokea wageni waliobeba walichoweza. Nyuma yao nyumba na maduka yalibaki bila mwenyewe. Wapo waliopita kwenye nyumba hizo wakachukua. Majina yao yanatajwa kwa sauti ndogo mpaka leo, na kumwita mtu mmoja wao akiwa kaburini ni kumzika mara ya pili.

Kwa hiyo kulikuwa na hadithi tatu za ile spana. Ya kwanza ndiyo hiyo ya vita, nayo ilikuwa na pande mbili: wanaompenda babu walisema aliichomoa kwenye MiG iliyoanguka, wasiompenda walisema aliichukua kwenye nyumba ya mtu Bukoba. Ya pili ilikuwa ya wasomi wa kijiji. Hao waliona kwenye mpini herufi zilizofifia, P na W na nyingine, wakasema ni PWD, ile idara ya ujenzi ya wakati wa mkoloni, ambayo vifaa vyake vilipigwa mhuri wa herufi hizo. Maana yake ni kwamba babu aliiba mali ya serikali. Ya tatu aliileta mzee mmoja aliyewahi kupakia mizigo bandarini Bukoba, pale tunapopaita Custom: kwamba ni spana ya injini ya meli, pengine MV Victoria.

Na babu mwenyewe? Alisema ni ya ndege. Alisema pia kwamba ujana wake alifanya kazi Nairobi, "kwenye ndege." Lakini kwenye sanduku lake hakikukutwa kitambulisho wala karatasi yoyote ya kazi, na watu walikuwa wakicheka: kwenye ndege, eti! Labda alikuwa anafagia.

Mimi nimemaliza kidato cha nne na nina madaftari manne yenye riwaya ambayo haijakwisha. Nakiri hadithi ya MiG ni tamu. Ndege inaanguka kwenye migomba, kijana anaikaribia huku moshi unafuka, anatoka na chuma cha moto mkononi. Sura ya kwanza hiyo, bwana, nani asingeisoma? Lakini mwandishi akichukua uvumi na kuufanya sura ya kwanza huku mjane yuko hai na anasikia, hiyo siyo sanaa tena, ni ushahidi wa uongo wenye herufi nzuri. Nikaona kabla ya kuandika neno lolote nikiulize chuma chenyewe. Nikamwomba bibi anikabidhi. Akaniuliza, "Unakwenda kuiuza?" Wakati ule walikuwa wanapita vijana wa baiskeli wananunua chuma chakavu kwa kilo, na mzee yule alikuwa ameshashauri wapewe. Nikamwambia, "Hapana bibi. Nakwenda kuisoma." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kusoma chuma kuna adabu yake. Mjomba, ambaye ana gereji ndogo kando ya barabara kuu ya Bukoba kwenda Biharamulo, alinizuia nisitie msasa wala mashine ya kusaga. "Ukisaga kutu unasaga na maandishi," alisema. Tuliilaza spana kwenye mafuta ya taa siku mbili. Kisha tukaisugua taratibu kwa mswaki wa zamani. Ilipokauka tukaipaka unga wa chaki na kuufuta juu kwa kitambaa, ili unga ubaki kwenye mikwaruzo tu. Halafu tukaipeleka juani jioni, jua likiwa chini, ili mwanga upite kwa ubavu na kila shimo dogo litoe kivuli.

Ndipo maandishi yakatokea. Kwenye ringi: 9/16. Kwenye mpini: P, W, kisha herufi ya tatu, kistari, na tarakimu ambazo mbili tu zinasomeka. Herufi ya tatu ndiyo iliyobishaniwa kijijini. Ilikuwa imelika tumboni, lakini miguu yake miwili ilisimama chini, imeachana, na juu imekutana. D haina miguu. D ina tumbo. Ile ilikuwa A.

"PWA," mjomba akasoma. Binti yake mdogo, aliyekuwa anasoma darasa la tano, akasema, "Maji yakipwa!" Tukacheka, lakini PWD ilikuwa imekufa pale pale, na pamoja nayo wizi wa mali ya serikali.

Baada ya herufi, vipimo. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo siri ilipolala. Mjomba alichukua nati ya namba 14, zile za magari ya Kijapani, akaiingiza kwenye ringi. Ikaingia lakini ikacheza. Akachukua namba 15, ikakataa. Akaleta venia, kile kifaa cha kupimia upana wa vyuma, tukapata milimita 14 na sehemu tatu hivi za kumi. Hakuna spana ya milimita ya namna hiyo. Lakini inchi moja ni milimita 25.4, na ukiigawa kwa kumi na sita ukachukua tisa, unapata milimita 14.3. Yaani ile 9/16 iliyoandikwa kwenye ringi ndiyo upana halisi wa mdomo.

Kuna mzee wa Muleba aliyetengeneza malori ya Bedford na Land Rover za zamani kabla macho hayajamchosha. Tulimpelekea. Akaipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Hii ni inchi, lakini si inchi ya Mwingereza wa zamani." Akatueleza jambo ambalo halijaandikwa kwenye kitabu chochote nilichosoma shuleni. Spana za Kiingereza za mtindo wa Whitworth ziliandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa chake. Kwa hiyo spana ya Whitworth iliyoandikwa 9/16 mdomo wake unazidi kidogo inchi nzima, unaweza kuingiza vidole viwili. Ya Mmarekani imeandikwa upana wa mdomo wenyewe. Ndiyo maana, alisema, vijana walikuwa wanaharibu nati za Bedford: wanasoma namba bila kujua namba inazungumzia nini.

Hapo hadithi ya MiG nayo ikaingia matatani. Ndege zile zilitengenezwa Urusi, na Warusi wanapima kwa milimita. Tena MiG inaruka kwa injini ya jeti, inayovuta hewa mbele na kutupa moto nyuma, haina silinda wala pistoni. Hadithi ya meli nayo haikukaa: nati za injini kubwa za meli ni ngumi ya mtu mzima, na spana zake mtu anazibeba begani.

Lakini kujua isivyokuwa siyo kujua ilivyo. Kwa nini mpini upinde? Kwa nini tundu la mraba?

Nilitafuta kwenye simu usiku, pale mtandao unapokuwa mwepesi. PWA nikaikuta bila taabu: Pratt & Whitney Aircraft, watengenezaji wa injini za ndege wa Marekani, walioanza mwaka 1925 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Vifaa maalumu vya kufungulia injini zao vilipewa namba zinazotanguliwa na herufi hizo tatu. Na injini zilizowapa jina ni za namna ambayo sisi tuliozoea Toyota hatujaiona.

Fikiria mkungu wa ndizi ukiutazama kwa chini, vidole vimeuzunguka mti wake pande zote. Ndivyo injini hiyo ilivyo. Katikati kuna kasha la chuma, na silinda zimesimama kulizunguka kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya kupoza joto, maana haipozwi kwa maji, inapozwa kwa upepo. Na kila silinda imefungwa chini, shingoni, kwa duara la nati nyingi ndogo. Sasa jaribu kuingiza mkono pale. Juu yako kuna mapezi, kulia silinda nyingine, kushoto nyingine, na injini kubwa zina safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Spana iliyonyooka haifiki. Ndiyo maana wakatengeneza spana zilizopinda, nyingine kama mundu, nyingine kama shingo ya bata, ili mpini ulizunguke tumbo la silinda na ringi iifikie nati iliyojificha.

Na lile tundu la mraba? Upana wake ni nusu inchi kamili. Hapo ndipo inapochomekwa spana ya kupimia nguvu, ile mafundi wanayoiita toki renchi. Nati ya shingo ya silinda haikazwi kwa kukisia. Ikilegea, silinda inatikisika mpaka inakata misumari yake. Ikikazwa kupita kiasi, msumari unavutika, na siku moja unakatika angani. Kwa hiyo kitabu cha injini kinataja nguvu, na fundi anaifuata. Tena kuna hesabu ndani yake: ukiongeza spana iliyopinda mbele ya ile ya kupimia, umeurefusha mkono, na mkono mrefu una nguvu zaidi kuliko mshale unavyosema. Tuseme kitabu kinataka 300, mkono wa kifaa ni inchi 12, na nyongeza ni inchi 4. Unazidisha 300 kwa 12, unagawa kwa 16, unapata 225. Fundi akisubiri mshale ufike 300, ameshakaza 400. Kumbe lile tundu ambalo sisi tulipitishia kamba ya mbuzi lilikuwa mahali pa hesabu!

Nilimweleza bibi habari hii jikoni, nikimchorea silinda kwa kijiti kwenye majivu. Nilipofika kwenye kukaza kwa kipimo, akaacha kumenya ndizi.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Waitu," akasema taratibu, "babu yako alikuwa akifunga gurudumu la baiskeli, anahesabu. Anakaza kidogo, anahamia upande wa pili, anakaza kidogo, anarudi. Wajomba zako wakiwa vijana wakakaza kwa nguvu zote, anawapiga mkono. Anawaambia, nati haikazwi kwa hasira. Mimi nilidhani ni ubishi wake tu."

Mjomba alikuwa mlangoni. Akasema, "Na mimi nawaambia hivyo vijana wangu gereji. Sikuwahi kujiuliza yeye alifundishwa na nani."

Msomaji, sikuandika chochote usiku ule. Nilikaa.

Tuendelee na chuma. Injini ya Pratt & Whitney iliyotapakaa duniani kuliko zote ni Twin Wasp, yenye silinda 14 katika safu mbili. Zilitengenezwa zaidi ya 170,000. Ziliruka kwenye Dakota, ile DC-3 iliyopaa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, injini mbili, kila moja nguvu ya farasi 1,200 kwenye zile za kijeshi zilizouzwa kwa mashirika baada ya Vita Kuu ya Pili. Na Afrika Mashariki tulikuwa na shirika letu, East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na ndege ndogo za Kiingereza zenye mabawa mawili mawili, kisha likatumia Dakota miaka mingi kwa safari za ndani ya nchi zetu. Baadaye zilikuja Comet na VC10 za jeti kwa safari za Ulaya, lakini Dakota ndiyo iliyozoea viwanja vya nyasi na vumbi. Makao ya shirika yalikuwa Nairobi. Lilikufa mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule.

Babu alirudi nyumbani kutoka Nairobi mwaka ule wa 1977. Tarehe hiyo bibi anaijua bila karatasi, kwa sababu mjomba alizaliwa miezi michache baadaye. Ina maana Oktoba 1978, MiG zilipolia juu ya Bukoba, mtu aliyewahi kukaa Nairobi na kurudi na chuma kisichojulikana alikuwa tayari yuko kijijini. Vita vikaja vikakipa chuma kile jina jipya, na yeye hakuwa mtu wa kubishana.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana ndipo mwandishi anapojaribiwa. Chuma kinasema kilitengenezwa kwa ajili ya injini ya namna gani. Hakisemi kilibebwa na nani. Twin Wasp hazikuwa kwenye Dakota peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa pia kwenye Catalina, ndege za majini za jeshi la Uingereza zilizokaa Mombasa na Dar es Salaam. Spana inaweza kupita mikono mingi. Na ringi yake ina ufa mwembamba kama unywele, upande ule mwembamba zaidi. Mjomba anasema ringi yenye ufa inapanuka na kuharibu nati, na kwenye kazi ya ndege kifaa kama hicho kinatolewa kabisa. Yawezekana babu aliokota kilichotupwa. Yawezekana pia ufa uliletwa na vigingi vyetu vya mbuzi. Hilo siwezi kuliapia, na sikuliapia mbele ya mtu yeyote.

Kuna jambo lililonipa ujasiri wa kwenda na ushahidi wa namna hii mbele ya wazee. Katika nchi hii hii ya Wahaya, Maruku, pale Katuruka, wazee walikuwa wakisimulia kwamba chini ya mti wa zamani palikuwa na kiwanda cha wahunzi. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, akawasikiliza, kisha akachimba. Chini ya maneno yao palikuwa na masalia ya kazi ya chuma ya kale sana. Miaka ya sabini wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya kwa udongo, wakalivuvia kwa viriba, joto likapanda hata wataalamu wakashangaa. Mwezi Septemba 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la Science kwamba babu zetu walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi huo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwezi uliofuata mabomu yakaanguka Bukoba. Mambo mawili ya mwaka mmoja, lakini kijijini kwetu utasikia la pili mara mia kabla hujasikia la kwanza. Mimi nilichojifunza Katuruka ni hiki: neno la mzee na chuma vinapaswa kukaa meza moja. Neno bila chuma linaitwa uvumi, na chuma bila neno kinauzwa kwa kilo.

Nilimwomba mjomba anipeleke kwa yule mzee wa ukoo, maana peke yangu nisingekuwa na adabu ya kwenda. Tulibeba sukari, na spana ndani ya gazeti. Nilipiga goti, nikamsalimu, nikamweleza kwa mpangilio: herufi, kipimo, mpindo, tundu. Nilimpa nati ya namba 14 aijaribu mwenyewe, akaiona inavyocheza. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya injini ile, fundi ameinama na spana imepinda vile vile kulizunguka tumbo la silinda. Akaitazama muda mrefu, akiisogeza simu mbali na macho kisha karibu.

"Kwa hiyo unasema hakuiba," akasema.

"Babu, chuma hakiwezi kusema hivyo," nikamjibu. "Chuma kinasema si cha MiG, si cha PWD, na si kitu ambacho mwenye duka Bukoba angekuwa nacho nyumbani. Na alichokisema marehemu siku zote, kwamba ni ya ndege, kilikuwa kweli."

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema mwaka 1978 yeye mwenyewe alikuwa kijana, na nyumba ya dada yake Bukoba ilivunjwa, hata milango ikang'olewa. Hawakumjua aliyefanya hivyo. "Mtu ukikosa mwizi," alisema, "macho yanamtafuta mwenye kitu usichokielewa."

Hakuomba radhi, na kwa umri wake sikuitegemea. Lakini mwezi uliofuata, kwenye arusi ya jirani, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu kwenye rubisi: "Yule marehemu alikuwa fundi wa ndege. Ndege za zamani, zile za silinda." Alikuwa ameongeza chumvi, maana babu huenda alikuwa msaidizi wa kusafisha vifaa tu. Nikataka kumsahihisha. Mjomba akanikanyaga mguu.

Spana sasa iko gereji, imetundikwa kwenye msumari juu ya jiriwa, imepakwa grisi. Bibi ndiye aliyeamua ikae huko. Hakuna nati Muleba nzima inayoihitaji, lakini kijana mpya akija kujifunza kazi, mjomba anaishusha na kumwonyesha lile tundu la mraba, na hesabu ya 300 na 225, kabla hajampa spana malaya ya kuanzia.

Nami nawaambia vijana wenzangu tunaoandika katika kurasa hizi. Nyumbani kwenu kipo chuma cha namna hii, au kigae, au picha isiyo na jina nyuma. Mwenye kukijua bado anaota jua nje ya nyumba. Chukua rula, chukua unga wa chaki, kaa chini umuulize leo hii. Mimi bibi yangu ninaye bado, na kila Jumapili ninakwenda Kamachumu na daftari la tano. Ananihesabia marafiki wa babu wa Nairobi mmoja mmoja. Mpaka sasa tumefika saba.